Shahidi Anapoaminiwa, Anapokataliwa



Tarehe 7 Machi 2006, siku chache baada ya uchaguzi wa rais wa Uganda, Jaji John Bosco Katutsi wa Mahakama Kuu jijini Kampala alimwachia huru Dkt. Kizza Besigye, mgombea wa upinzani, aliyeshtakiwa kwa ubakaji uliodaiwa kutendeka mwaka 1997. Jaji aliona ushahidi ni dhaifu mno, na akaukemea upelelezi kuwa usio wa kitaalamu, wenye nia nyingine nyuma yake.

Tuelewane hapa, maana kesi hiyo ilihusu jambo lililodaiwa kutendeka miaka mingi nyuma. Aliyebakwa akichelewa kusema, kuchelewa peke yake hakumfanyi mwongo. Wengi hunyamaza kwa hofu na aibu, na sisi wakimbizi wa Nakivale, tuliokimbia vita, tunalijua hilo. Mahakama hupima zaidi: Je, aliyoyasema shahidi kwa polisi yanalingana na anayosema kizimbani? Aliona mwenyewe, au aliambiwa? Ana kinyongo na mshtakiwa? Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, mshtakiwa awe mkubwa au mkimbizi wa Base Camp hapa Nakivale.

Ukiitwa kutoa ushahidi Mbarara na Kiingereza hukijui, omba mkalimani kabla ya kula kiapo. “Nilimwona” na “nilisikia ni yeye” ni maneno mawili tofauti kabisa. Mkalimani akiyachanganya, mkatize palepale, mweleze hakimu. Na swali usilolijua jibu lake, jibu: “Sijui, mheshimiwa.”