MSUMBIJI: UDONGO WA JUU KATIKA MIGODI YA TETE



Askari aliyewahi kuchimba handaki anaijua ardhi kuliko anavyodhani. Shubiri ya kwanza ni nyeusi, laini, imejaa mizizi. Chini yake hufuata udongo mgumu usio na rutuba, kisha mwamba. Naye mkufunzi humwamuru aweke kando majani na udongo ule wa juu, ili baadaye afunikie ule wa chini, adui asiuone. Katika jimbo la Tete, nchini Msumbiji, amri ya namna hiyo ndiyo itakayoamua kama nchi ile italimika tena makaa ya mawe yakiisha.

Makaa ya Moatize, ambayo kampuni ya Vale ya Brazili ilianza kuyasafirisha mwaka 2011, huchimbwa katika mashimo ya wazi. Miti hukatwa, ardhi huchunwa, mwamba hulipuliwa kwa baruti, ndipo tabaka la makaa hufikiwa. Pasipo uangalifu, tingatinga huchanganya vyote, udongo wa juu ukazikwa chini ya mawe. Kosa hilo halina tiba ya haraka, kwani maumbile huchukua mamia ya miaka kuumba udongo wa sentimita chache.

Kazi yenyewe si siri. Udongo wa juu hutolewa kwanza, tena ukiwa mkavu, kwani uliolowa hushindiliwa na magurudumu ukawa kama tofali. Hutengwa na ule wa chini. Kimo cha lundo ni bora kisizidi mita 2 hivi. Likirundikwa kama mlima, katikati hukosa hewa, na mbegu, mizizi na vijidudu vinavyoupa udongo uhai hufa. Juu yake hupandwa majani na mimea ya jamii ya kunde ili mvua isiuchukue. Matawi ya miti iliyokatwa hayachomwi. Hutandazwa juu ya ardhi iliyofukiwa, yakahifadhi unyevu na kudondosha mbegu. Lililo bora kupita yote ni kutorundika kabisa: udongo unaotolewa leo upande huu upelekwe leo hii upande uliokwisha chimbwa. Mwamba wenye salfa, kwa upande wake, hauna budi kuzikwa chini sana, la sivyo ukikutana na hewa na maji huzaa tindikali ambayo hufuata mito.

Yote hayo yana gharama, na wenye migodi hawayafanyi kwa hisani. Marekani iliyaweka katika sheria mwaka 1977: udongo wa juu utolewe peke yake na urudishwe, na kampuni iweke dhamana ya fedha kabla ya kupewa ruhusa ya kuchimba. Dhamana ndiyo kiini, maana migodi huuzwa. Rio Tinto iliupata mgodi wa Benga, jirani na Moatize, mwaka 2011, katika ununuzi uliogharimu zaidi ya dola bilioni 3. Mwaka 2014 ikauachia kwa dola milioni 50. Vale nayo iliuza mgodi wake mwaka 2022. Katika biashara ya namna hiyo, lundo la udongo lililowekwa na mmoja hurithiwa na mwingine asiyejua liliwekwaje.

Polisi nao waliingizwa. Wakulima waliohamishwa kupisha mgodi wa Vale walipelekwa Cateme, kiasi cha kilometa 40, wakapewa mashamba makavu yenye mawe. Januari 2012 mamia yao waliziba reli ya makaa, na polisi wakatumwa kuwatawanya. Ugomvi ulioanzia kwenye udongo ulitakiwa umalizwe kwa rungu. Haukumalizika: mwaka 2013 wafyatua matofali, ambao nao walipoteza machimbo yao ya udongo, walizifunga njia za kuingia mgodini.

Upande wa pili wa mpaka, mkoani Ruvuma, makaa ya Ngaka nayo yamekuwa yakichimbwa wazi tangu mwaka 2011, katika nchi ya vilima inayopata mvua nyingi kuliko Tete. Huko lundo lisilopandwa majani halihitaji zaidi ya msimu mmoja wa mvua kuishia mtoni.