Imani Inayobisha Hodi
Mhadhara wa umma, Kamembe, Wilaya ya Rusizi

  

Swali la leo ni fupi. Je, kuamini peke yake kunatosha mtu aokoke? Nimelisoma vitabuni tangu ujana wangu, lakini nimetamani kulijibu hapa Rusizi, kwa sababu katika wilaya hii swali hilo liliwahi kupanga foleni ya komunyo, likiwa na uso na jina la mtu.

Tuanze na ugomvi wenyewe. Mtume Paulo, katika sura ya 3 ya Waraka kwa Warumi, anafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo ya sheria. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anafundisha kwamba imani isiyo na matendo ni maiti. Mwaka 1522 Martin Luther alipolitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, aliongeza kwenye sentensi ya Paulo neno lenye maana ya “peke yake”, na katika dibaji zake akaufananisha waraka wa Yakobo na mabua makavu. Januari 1547 Mtaguso wa Trento ukamjibu kwa ukali. Tangu hapo Wakatoliki na Waprotestanti walilaaniana kwa karne nne na zaidi.

Hata hivyo, tusome kwa haki. Luther huyohuyo, katika kijitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, aliandika kwamba aliyeokolewa kwa imani humtumikia jirani kwa hiari na kwa furaha. Na Trento haikufundisha kwamba matendo hununua neema. Ilisema wazi kwamba hakuna tendo la mtu linalostahili neema ile ya kwanza. Ndiyo maana tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri waliweza kutia saini tamko la pamoja: mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake, na neema hiyo humtuma kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Kwenye karatasi, basi, moto umepoa.

Lakini sisi hatukukutana na swali hili kwenye karatasi. Tarehe 27 Oktoba 1946 Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa aliiweka nchi hii ya Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Katika sensa ya mwaka 1991, karibu watu 90 katika kila 100 walijitaja kuwa Wakristo. Hapa kwetu, parokia ya Mibilizi ilikuwa imesimama tangu 1903, na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walikuwa wamefungua kazi Gihundwe mwaka 1940. Kisha ukaja Aprili 1994 na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Watu walikimbilia parokia za Shangi na Mibilizi kwa sababu ni kanisa, na kanisani wakafuatwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilithibitisha kwamba katika mashambulizi mawili tu, la Shangi tarehe 29 Aprili na la Mibilizi siku iliyofuata, Watutsi zaidi ya 5,000 waliuawa. Wengi walioinua panga siku zile walikuwa wamebatizwa, na Kanuni ya Imani walikuwa wakiijua kwa moyo.

Kama kuamini ni kukubali kwa akili kwamba Mungu yupo na Yesu ni Bwana, basi Cyangugu, mkoa wetu wa wakati ule, ilikuwa imejaa waamini mwaka 1994. Ndugu zangu, mtu akiniambia kuamini kwa namna hiyo kunatosha, nashindwa kumwitikia amina.

Neno lenyewe

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko vitabu vingi. Mswahili akisema “mwonee imani mtoto yule,” hataki umsadiki mtoto. Anataka umhurumie. Akisema “wale watu hawana imani,” haulizi wanasali wapi. Analalamika kwamba ni wakatili. Katika neno hilohilo tunamwelekea Mungu na tunamwelekea mwenzetu. Tena imani ina ndugu zake wa shina moja: amana, uaminifu na amani.

Hebu tazameni soko letu. Mama anayevuka Rusizi kwenda Bukavu anamwachia jirani yake wa kibanda kapu la ndizi: “Nakuachia amana.” Hamwandikishi, hamwapishi. Jioni akirudi analikuta kapu lake kama lilivyokuwa. Jirani yule hakulipwa ili awe mwaminifu, wala kapu halikuwa mshahara wake. Aliaminiwa kwanza, na kulitunza kapu ndiko kupokea kwake kuaminiwa. Angeziuza zile ndizi, hata angeapa mbele ya soko zima kwamba anampenda yule mama, nani angemsadiki?

Nadhani wokovu uko hivyo. Mungu anatangulia kutuamini na kutusamehe. Hatulipi chochote, hatuna cha kulipia. Lakini aliyepokea msamaha amepokea amana, na amana hiyo ina jirani ndani yake.

Mushaka

Sasa niwapeleke Mushaka, parokia ya wilaya yetu. Wengi hapa mlimfahamu Padri Ubald Rugirangoga. Alizaliwa mwaka 1955. Baba yake aliuawa mwaka 1963. Akapewa upadri mwaka 1984. Mwaka 1994 alikuwa paroko wa Nyamasheke, akanusurika, huku maelfu ya waumini wake, mama yake mzazi na jamaa zake zaidi ya 80 wakiuawa. Baadaye, akihudumu Mushaka, alikabili jambo ambalo chuo chochote cha teolojia kingelikimbia.

Walioshiriki mauaji walikuwa wanatoka magerezani. Walikuwa wamekiri katika mahakama za jamii za Gacaca, wengine wamekwisha kuungama kwa padri, na Jumapili wakarudi kanisani. Foleni ya komunyo ikapangwa. Mkono uleule ulioshika panga sasa umelazwa juu ya mwenzake, kiganja kikitazama juu, ukingoja kupokea Mwili wa Kristo. Hatua mbili nyuma amesimama mama ambaye watoto wake hawakurudi. Je, huyu wa mbele anaamini? Pengine anaamini kwa machozi. Imetosha?

Mushaka haikumwambia, “Mungu hajakusamehe.” Wala haikumwambia, “Endelea, kwa kuwa umeamini.” Ilimpa miezi 6 ya mafundisho, ikamtuma kwa manusura aliyemkosea akaombe msamaha, na baada ya hapo ikampokea tena mezani mbele ya jumuiya nzima. Wanaojua katekesi wataona kilichofanyika: muuaji alirudishwa kwenye njia ya mkatekumeni, ajifunze upya maana ya neno aliloapa wakati wa ubatizo.

Wenzetu Waprotestanti wasiione njia hii kuwa ya Kirumi. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini katika miaka ya 1930, ulihubiri damu ya Yesu peke yake, bila kuchanganya. Lakini abarokore, yaani waliookoka, walijulikana kwa kurudisha walivyoiba na kwa kwenda kukiri kwa waliowakosea. Zakayo naye, katika Luka sura ya 19, hakununua wokovu kwa kurudisha mara nne. Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani kwake. Kurudisha kulikuja kwa sababu mgeni yule yuko mezani.

Pingamizi mbili

Ya kwanza ni ya mnyang'anyi msalabani. Hakubatizwa, hakurudisha kitu, na aliahidiwa kuwa peponi siku ileile. Ni kweli, na asante kwa Mungu kwamba ni kweli, kwa maana wengi wetu tutafika mikono mitupu. Lakini mtazameni vizuri. Mikono imepigiliwa, miguu imepigiliwa, kilichobaki huru ni ulimi. Kwa ulimi huo alikiri kosa lake, akamkemea mwenzake, akamtetea asiye na hatia. Alitenda yote ambayo misumari ilimwachia. Sisi hatujapigiliwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Tukimtuma mkosaji kwa manusura, je, hatumtwishi manusura mzigo wa wokovu wa mtu aliyemuumiza? Hapa nasema kwa mkazo: manusura hadaiwi msamaha. Wajibu wa mkosaji ni kwenda, kubisha hodi, kusema ukweli, kuonyesha walipolazwa marehemu, na kurudisha kinachoweza kurudishwa. Mlango ukifunguliwa, hiyo ni neema juu ya neema. Usipofunguliwa, Mungu hamhukumu aliyebaki ndani, wala hamtupi aliyebisha kwa moyo wa kweli. Anayenitia hofu ni yule asiyetoka nyumbani kwake, akisema mambo yake yamekwisha baina yake na Bwana.

Tukumbuke kwamba kati ya kesi karibu milioni 2 zilizopita Gacaca hadi mahakama hizo zilipofungwa mwaka 2012, zaidi ya nusu zilihusu mali: ng'ombe, mabati, milango. Mtu anaweza kusimama ibadani akashuhudia kwamba dhambi zake zimefutwa, na ushuhuda huo ukawa wa kweli, huku bati la jirani likiwa bado juu ya paa lake. Mvua ikinyesha usiku, analisikia. Sauti hiyo si sheria ya Musa inayomrudisha utumwani. Ni neema inayomwamsha.

Basi jibu langu ni hili. Imani inatosha, kwa sababu anayetuokoa ni Kristo, na imani ni mkono mtupu unaompokea. Lakini mkono uliompokea Kristo hauwezi kubaki umefumbwa. Padri Ubald alimsamehe kiongozi aliyehusika na kifo cha mama yake, akawasaidia watoto wa mtu huyo kusoma. Sioni katika karo ile malipo ya kuingia mbinguni. Naona imani, kwa maana zote mbili ambazo Kiswahili kinalipa neno hilo. Alifariki Januari 2021 akiwa Marekani, akarudishwa kuzikwa hapa kwetu, ufukoni mwa Kivu, katika kituo chake cha Ibanga ry'Amahoro.

Nina ombi moja kwenu ninyi wanafunzi mtakaokuwa makatekista, mapadri na wachungaji. Mtu akija kwenu akitaka kuokoka, muulizeni kama desturi yetu ilivyo: “Unaamini?” Akijibu ndiyo, furahini naye, msimwekee bei. Kisha mkalisheni chini, mumuulize swali la pili, taratibu, kama Mushaka ilivyowauliza watu wake: “Nani bado anakungoja?” Akilitaja jina, ondokeni naye. Msimwache aende mlangoni kule peke yake.