Baiskeli ya Ghalani: Ni ya Mwaka Gani, na Imetoka Wapi?

(Maneno yaliyosemwa ukumbini katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma kwenye mabenchi yasiyo na migongo, ambayo nayakumbuka vizuri sana:

Katibu aliponiomba niseme maneno machache, alinishauri nizungumzie maendeleo. Mimi ni fundi baiskeli. Wenzangu wa darasa lile ni madaktari na wahandisi, na maendeleo nawaachia wao. Mimi nitazungumza juu ya baiskeli moja tu, hii iliyoegemezwa hapa ukutani, na juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwayo.

Wengi mnajua habari ilivyoanza. Ghala la zamani lilipofagiliwa ili kuandaa mkutano huu, ilionekana baiskeli ya mlima, nyekundu, imefunikwa magunia. Ofisini kuna picha ya mwalimu wetu wa kujitolea kutoka Uingereza, aliyetufundisha fizikia kuanzia mwaka 1985 hadi 1988, amesimama na baiskeli ya mlima nyekundu. Kamati ikafurahi. Ikasemwa kwamba hii ndiyo baiskeli yake, aliiachia shule, na iwekwe ndani ya kabati la kioo mlangoni pa maktaba. Kibao kikaandikwa kabisa.

Ndipo akaja mama mmoja, mjane wa mzee wetu wa geti. Waliosoma hapa kabla ya mwaka 2009 hawawezi kumsahau mzee yule. Mama akasema baiskeli ni ya marehemu mumewe, aliinunua Kariakoo mwaka 1998, akaiweka ghalani alipoanza kuugua ili isiibiwe nyumbani. Akaulizwa stakabadhi. Mitumba ya Kariakoo, ndugu zangu! Nani aliandikiwa stakabadhi? Wapo waliosema chini chini kwamba mama anatafuta cha bure.

Basi nikaitwa mimi, mtaalamu. Nikaigeuza baiskeli juu chini, nikafuta matope kwenye chombo kile kinachoning'inia nyuma na kuuhamisha mnyororo, ambacho sisi mafundi twakiita gia ya nyuma. Ni kazi ya Shimano, kiwanda cha mji wa Sakai, Japani. Kwa miaka mingi kiwanda hicho kilipiga herufi mbili ndogo kwenye vyombo vyake. Herufi ya kwanza ni mwaka: A ni 1976, B ni 1977, na kuendelea hadi Z, ambayo ni 2001; kisha ikaanza A tena. Herufi ya pili ni mwezi: A ni Januari, L ni Desemba. Mimi nikasoma KH. Hesabuni vijana: K ni 1986, H ni Agosti. Nikasimama, nikapangusa mikono, nikatangaza kwamba ni baiskeli ya mwaka 1986, ya mwalimu bila shaka yoyote. Mama alikuwepo. Hakubisha. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini mume wangu alikuwa akiipanda hii kuja kuwafungulieni geti." Akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Fundi yeyote wa mtaani anajua kuwa gia ya nyuma ndiyo chombo cha kwanza kuvunjika. Inaning'inia chini, inagonga mawe, baiskeli ikianguka inaanza yenyewe. Ikivunjika tunaingiza mkono ndani ya sanduku la vipuri vikuukuu na kufunga yoyote inayoingia. Mimi mwenyewe nimefunga mamia. Ni sawa na kumpima mtu umri kwa kuangalia viatu alivyovaa.

Asubuhi nikarudi kabla ya kengele. Safari hii nikaanza na vile ambavyo havibadilishwi ovyo. Nikang'oa pedali na mikono inayozishika, nikaangalia upande wa ndani. Mkono wa kulia: RB. Wa kushoto: RB. Nikafungua breki. Ya mbele RA, ya nyuma RA. R ni 1993. Vyombo vinne, vyote vimetoka kiwandani Januari na Februari ya mwaka mmoja. Herufi moja yaweza kusema uongo, kama ile ya jana. Vyombo vinne vya pande mbalimbali kupatana hivyo si jambo la sanduku la vipuri. (Kijana mmoja ameniuliza nje, je, R haiwezi kuwa ya mzunguko wa pili, yaani 2019? Swali zuri. Baiskeli ilikwisha lala ghalani miaka kumi wakati huo.)

Lakini nilikwisha kosea mara moja, kwa hiyo sikutaka herufi peke yake. Nikaenda maabara ya fizikia kuazima vernia, ambayo kwa kuikumbuka kwangu ni ileile aliyotufundishia mwalimu huyohuyo. Nikapima shingo ya uma, lile bomba linalopanda ndani ya fremu hadi kwenye usukani. Baiskeli za mlima za kwanza zilitumia shingo ya inchi moja, yaani milimita 25.4, na juu yake ilikatwa nyuzi za kufungia nati. Hii ni milimita 28.6, na haina nyuzi kabisa. Usukani umeibana kwa nje. Mtindo huo wa shingo isiyo na nyuzi ulianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu atasema uma nao hubadilishwa. Kweli. Lakini tundu la fremu linalopitisha shingo hiyo ni pana vilevile tangu kiwandani, na tundu la fremu halibadilishwi na mtu. Kisha nikaenda ofisini kuitazama picha kwa miwani. Shingo ya baiskeli ya mwalimu ni nyembamba, na nati inaonekana pale juu. Miaka yote tumepita mbele ya picha ile bila kuitazama.

Na meno ya nyuma? Yamechongwa vijia vidogo pembeni ili mnyororo upande kwa urahisi, kazi ambayo Shimano waliianza mwaka 1989. Nafasi ya gurudumu la nyuma katika fremu ni milimita 135. Hiyo siitegemei sana, kwa maana mafundi tunazipanua fremu kwa nguvu za mikono, na mimi ni miongoni mwa wenye dhambi hiyo.

Sasa asili yake. Hapa kuna mambo ya kupendeza. Baiskeli za namna hii zilianzia California, Marekani, kwenye Mlima Tamalpais. Vijana wa huko walichukua baiskeli nzito za zamani za Schwinn na kushindana kushuka nazo. Mashindano yao yaliitwa Repack, yalianza mwaka 1976, na jina lilitokana na kwamba breki ya habu ilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi kuijaza upya. Mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza fremu mpya kabisa kwa kazi hiyo mwaka 1977, na mwaka 1981 Specialized wakaanza kuuza Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi Japani. Yeni ya Japani ilipopanda thamani baada ya mwaka 1985, kazi nyingi ya fremu ikahamia Taiwani. Chini ya fremu hii, nilipokwangua rangi ya mafuta iliyopakwa juu, kikatokea kibandiko kisemacho imetengenezwa Taiwani.

Juu yake kidogo pana kibandiko kingine, chenye namba na maandishi ambayo mimi sikuyaweza. Mwenzetu mmoja aliyesomea Japani akayasoma mara moja: Polisi wa Mkoa wa Osaka. Kule baiskeli huandikishwa ili ikiibiwa ijulikane ni ya nani, na tangu mwaka 1994 sheria inamlazimisha kila mwenye baiskeli kufanya hivyo. Kwa hiyo ilizaliwa Taiwani, ikapandwa Osaka, kisha ikaingia melini pamoja na mitumba mingine. Mwalimu wa Uingereza aliyeondoka mwaka 1988 hakuweza kuwa na baiskeli ya mwaka 1993 yenye kibandiko cha polisi wa Osaka. Mzee wa geti aliyekwenda Kariakoo mwaka 1998 aliweza sana.

Nilikwenda nyumbani kwa mama. Nikamwamkia, nikamweleza yote haya niliyowaeleza, pamoja na herufi na milimita. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema gia ya nyuma ilivunjika mwaka ule wa mvua nyingi, na mumewe aliitengeneza pale kwangu. Nilimwomba radhi siku ile, na kwa kuwa nilimkosea mbele za watu, namwomba tena leo mbele yenu. Yupo hapa, mstari wa mbele. Mama, nisamehe.

Kibao kimeondolewa. Picha ya mwalimu itabaki ofisini, na kama yupo ajuaye baiskeli yake ilikokwenda, amwone katibu. Hii hapa mama ametuazima mpaka saa kumi. Mjukuu wake, aliye Kidato cha Pili, ataipanda kwenda nyumbani. Nimeitia tairi mpya na mnyororo. Vijana mnaotaka kuziona herufi njoni sasa, wawili wawili, na mje na tochi.