Nukta na Kistari: Herufi za Kuokoa Roho



Ndugu yangu kijana, ukitoka Tarawehe nawe uko Mbita, Sindo, Karungu au Muhuru Bay, hebu tazama ziwani. Msimu wa omena ukiwa wazi utaona taa nyingi, utadhani ni mji unaelea. Mwanzo na mwisho wa Ramadhani, mwezi ukiwa mwembamba, ndipo huzidi, maana omena huvuliwa kwa taa gizani. Sasa nakuuliza: mmoja wao mtumbwi ukiingia maji na simu ikilowa, utamjuaje? Taa yake ni sawa na za wenzake.

Ndiyo sababu nimekuletea alfabeti ya Morse. Jina ni la Samuel Morse, Mmarekani, aliyetuma ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844. Kila herufi ni nukta, kistari, au vyote viwili. E ni nukta moja, T kistari kimoja. A ni nukta kisha kistari, N ni kinyume chake.

Usiseme ni ngumu. Wewe uliyepita madrasa umeshafika nusu ya njia. Ustadh alikufundisha madd kwa sikio: hapa vuta harakati mbili, pale sita, na ukifupisha anakurudisha. Silinganishi Qur'ani na waya, hasha! Nazungumzia sikio lako lililozoea vipimo. Kistari ni urefu wa nukta tatu, na baina ya herufi mbili unanyamaza kiasi hicho hicho. Basi usihesabu alama kwenye karatasi, sikiliza mdundo. Nukta iite "di", kistari "daa". A ni di-daa, N ni daa-di. Shika herufi mbili kila siku baada ya Alasiri, na zote 26 utazimaliza kabla ya kumi la mwisho.

Ukishindwa na zote, shika SOS tu. Mwako mfupi mara tatu, mrefu mara tatu, mfupi mara tatu. Pumzika kidogo, rudia. Mataifa yaliikubali Berlin mwaka 1906, si kwa maana ya maneno fulani, bali kwa kuwa haichanganyiki na ishara nyingine. Meli kubwa ziliachana na Morse mwaka 1999 zikahamia setilaiti. Lakini tochi ya mvuvi haingoji setilaiti.

Sasa lililo zito. Mvuvi akijua peke yake, haimfai kitu. Atamulika mpaka betri iishe, na sisi ufukweni tutasema, "Ah, taa za omena hizo." Lazima wa majini ajue na wa nchi kavu ajue. Kwa hiyo mfundishe baba, mfundishe jirani, awe Muislamu asiwe Muislamu, ziwa halichagui. Ukiiona ishara, kariri upande ilipo, amsha watu, waite viongozi wa BMU wenye boti. Usijitose peke yako.

Wala usiifanyie mzaha. Kupiga SOS bila shida ni uongo, na saumu si njaa tu, ni kuuzuia uongo, hata wa tochi.

Suratul Maida, aya ya 32, yatueleza uzito wa kuokoa nafsi moja. Isome leo usiku, kisha chukua tochi ujaribu.

Wabillahi tawfiq.