Bei ya Kipa wa Benchi

Tarehe 30 Juni 2013, ukumbi wa Newark, New Jersey, ulilipuka kwa shangwe pale Gary Bettman, kamishna wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, alipotangaza kwamba wenyeji wamemchukua kipa Cory Schneider kutoka Vancouver. Hazikutoka fedha. Vancouver walipewa zamu ya 9 ya kuchagua chipukizi siku hiyohiyo, wakamteua Bo Horvat, ambaye baadaye akawa nahodha wao. Si bei mbaya hata kidogo.

Schneider alikuwa amekaa nyuma ya Roberto Luongo kwa misimu kadhaa, na hapo ndipo utamu wa biashara hii ulipo. Golini husimama mtu mmoja tu, kwa hiyo kipa wa pili akianza kung'ara, klabu inabaki na mali inayolala benchi, na wanunuzi wanalijua hilo. Vancouver walitaka kwanza kumuuza Luongo mwenyewe, lakini nani angebeba mkataba wa miaka 12 na dola milioni 64? Akaondoka kijana. Machi 2014 Luongo naye akapelekwa Florida, Vancouver wakabaki bila hata mmoja wa makipa hao wawili.

Toronto yaliwafika makubwa zaidi. Mwaka 2006 walimtoa Tuukka Rask, kinda ambaye hajadaka hata mechi moja ya NHL, wakapewa Andrew Raycroft wa Boston, mchezaji bora chipukizi wa 2004. Raycroft alidumu Toronto misimu miwili. Rask alitwaa Vezina, tuzo ya kipa bora wa ligi, mwaka 2014, akiidakia Boston.