Yaliyomo Katika Ua
(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, siku ya kutimiza miaka kumi)



Katika miaka kumi hii tumenena mara nyingi juu ya bei, na mara chache juu ya kile tunachokiuza. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya hicho cha pili, kwa kuwa madebe ya asali yaliyorudishwa na mnunuzi msimu uliopita yangali ghalani mwetu, na wenyewe wamo humu ukumbini.

Miombo inapochanua, nyuki hufyonza majimaji matamu ya ua. Humo mna sukari, mna harufu, na mna vitu vidogo vya mti wenyewe viitwavyo flavonoidi, ambavyo wataalamu huvihesabu kuwa na manufaa mwilini. Nyuki naye huongeza vimeng'enya vyake, na kimoja ndicho kiipacho asali nguvu ya kuua vijidudu vya kidonda. Lakini mema hayo si yote yaliyo imara. Harufu huruka kwa moto. Vimeng'enya huharibiwa na joto, na hicho cha kidonda hudhurika hata kwa mwanga wa jua.

Tena joto huigeuza sehemu ya sukari iwe kitu kingine, ambacho wapimaji hukiita kwa kifupi HMF. Kanuni za kimataifa za Codex zaruhusu kisizidi miligramu 80 katika kilo moja kwa asali ya nchi za joto kama yetu, na 40 kwa nyingine. Maji nayo yasizidi 20 kwa mia, ama sivyo asali huchachuka. Basi mtu achemshaye masega sufuriani ili nta ijitenge upesi huyaharibu mengi kwa muda mfupi, na maabara huona.

Wenzetu wa Mufindi walimao pareto waijua taabu hii kuliko sisi. Dawa ya wadudu iliyomo katika ua lile, pirethrini, huvunjika upesi juani. Ni kwa sababu ya udhaifu huo Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza mwaka 1973 dawa ya permethrini, iliyoundwa kwa kufuata ile ya ua lakini yenye kulistahimili jua. Hiyo ndiyo iliyotiwa katika baadhi ya vyandarua vilivyotengenezwa Arusha, ambavyo wengine wetu huvilalia. Tangu hapo ua la pareto lina mshindani asiyehitaji mvua wala kivuli.

Sasa yatupasa kukiri. Si wanachama peke yao waliochemsha. Asali ilipoganda ghalani, mnunuzi alidhani imetiwa sukari. Nasi ofisini, kwa haraka ya kumridhisha, tuliyaweka madebe juu ya mkaa. Kumbe kuganda si kosa: ni glukosi inayojitenga, na asali safi huganda. Ingetosha kuliweka debe katika maji ya uvuguvugu ambayo mkono hauyakimbii, na kungoja hata siku nzima. Hatukungoja. Na kwa kuwa hakuna awezaye kujua debe lipi lilichemshwa nyumbani na lipi ofisini, Halmashauri imekubali kwamba hasara yote ichukuliwe na Chama. Hakuna mwanachama atakayekatwa hata senti.

Tangu msimu huu tutapokea masega mazima yaliyozibwa na nyuki wenyewe, yasiyo na makinda, katika ndoo safi yenye kifuniko, iliyowekwa kivulini. Asali itachujwa kwa kitambaa, bila moto. Wazee wametuuliza, nta je? Nta itayeyushwa kama kawaida, lakini baada ya asali kwisha kutoka. Twajua kazi hii ni ndefu, hasa kwa akina mama ambao hubeba masega kutoka porini kisha wangali na chakula cha jioni cha kupika. Kwa hiyo kuchuja kutafanyika vituoni, kwa mikono ya watu wa Chama.

Kipimo cha maji tumenunua kimoja tu. Kitakaa juma moja Kasulu na juma moja Kibondo, kwa zamu. Atakaye kupimiwa asali yake kabla ya kuiuza na ailete, hata kikombe kimoja, wala hatatozwa kitu.