Kipimo Kimoja: Kanisa, Jamaa na Uchuruzi

(Maneno ya katekista mmoja siku ya yubile ya parokia)



Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo walei wengi wanaliuliza. Mtu aliyebatizwa, mwenye bibi na watoto, mwenye kutafuta feza sokoni, atajuaje kazi aliyoitiwa na Mungu? Tena atawezaje kutumikia Kanisa, jamaa na uchuruzi, pasipo kimoja kuvila vingine? Wakatekista wetu wa kwanza walilima asubuhi na kufundisha mangaribi. Nao bila shaka walijiuliza hivyo. Sisi, seminari ndogo ilitufundisha kusoma na kusali. Lakini jambo hili tulifundishwa na ndagala. Msicheke, tutaeleza.

Wavuvi wa ziwa letu la Tanganyika huvua ndagala usiku wa giza, kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki tena. Mitumbwi hukaa kando ya maji, na bei hupanda. Mchuruzi mwenye akili hununua wakati wa giza, huanika vema, huweka akiba, kisha huuza wakati wa mwezi mpevu. Hivyo ndivyo tulivyojenga nyumba na kulipa masomo ya watoto. Hatuoni haya kulisema, maana kutafuta faida ya haki si zambi.

Lakini Pasaka nayo huandamana na mwezi mpevu. Kanisa huiazimisha siku ya Mungu inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 ya mwezi wa tatu. Kwa hiyo, kila mwaka, Juma Takatifu hukutana na siku za bei kubwa. Mwaka mmoja tulikuwa na mifuko 40. Tulipanda kamyo siku ya pili ya Juma Takatifu kwenda kuuza bara, tukamwahidi bibi yetu kwamba tutarudi siku ya tano. Kamyo ilikwama katika matope. Saa ya kesha la Pasaka tulikuwa tumelala njiani, juu ya mifuko mitupu, mvua ikinyesha, huku wakatekumeni 14 tuliowafundisha miaka miwili wakiingia kanisani pasipo mwalimu wao.

Tuliporudi, tulikuta kwamba bibi yetu ndiye aliyesimama mbele ya padri na kuita majina yao, moja moja, bila kukosea. Aliyajua kwa sababu kila jioni tulipofundisha kando ya nyumba, yeye alisikiliza huku akipika. Tulimpa feza za mauzo. Alizihesabu, akazifunga katika kitambaa, akasema: «Baba Maria, feza zimetimia. Ni wewe uliyepunguka.»

Neno lile lilituuma kuliko hasara yoyote. Tulikuwa tukijisifu kwamba tunafanya yote kwa ajili ya jamaa. Kumbe jamaa haikuwa imetuomba mifuko 40.

Siku zile tulisoma tena Matendo ya Mitume, sura ya 18. Humo mnasimuliwa Akila na bibi yake Priska, mafundi wa hema, waliofukuzwa Roma wakahamia Korinto. Mtume Paulo alikaa nyumbani mwao akafanya nao kazi ile ile ya mikono. Baadaye walimfundisha Apolo, na nyumba yao ikawa mahali pa kukutania Wakristu. Tulishangaa kuona kwamba Maandiko hayamtaji kamwe mmoja pasipo mwenzake. Sisi tulikuwa tumefanya uchuruzi peke yetu, na ukatekista peke yetu, na kumwachia bibi nyumba peke yake. Ndiyo sababu mambo matatu yalipigana.

Basi tulipatana naye. Daftari ya mahesabu hukaa wazi mezani, naye huisoma. Siku ya posho na Juma Takatifu hatusafiri. Tunauza sehemu ya ndagala mbele ya mwezi kupevuka, kwa bei ndogo. Ni hasara, tunaiandika katika daftari kama hasara nyingine.

Liko jambo la tatu, gumu kulisema mbele yenu. Mnajua makopo ya kupimia sokoni ambayo vitako vyake vimegongwa vikaingia ndani. Letu lilikuwa hivyo. Bibi yetu aliliweka mezani, karibu na daftari na katekisimu, akanyamaza. Siku ile tulilinyosha kwa nyundo.

Huko Goma, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia. Alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichoharibika, akauawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 ya mwezi wa sita, 2025. Hakuwa padri wala mtawa. Alimtumikia Mungu katika kazi iliyomlisha. Yeye alitoa uzima wake. Sisi tunaombwa kunyosha kopo.

Vijana, msifikiri kwamba mizani ya maisha ni kukata siku mafungu matatu yaliyo sawa. Ziko siku ambazo shamba au soko litataka zaidi, na siku ambazo mtoto mgonjwa atataka yote. Lakini mtu atumie kipimo kimoja kanisani, nyumbani na sokoni. Na akitaka kujua kama anafuata wito wake, awaulize wale wanaokula chakula chake kama bado wanamwona.

Leo bibi yetu anafundisha wakatekumeni pamoja nasi. Kati ya wale 14, wawili wametuletea watoto wao tuwaandae kwa Komunyo ya kwanza. Kopo lile tunalo bado. Njoni sokoni, mlitazame kitako.

Mungu aibariki parokia yetu.